Mizani ya Zabibu

Kama umewahi kukaa Nzuguni, pale Dodoma, na gari likakusumbua, basi jina la Bartolomayo Chibago umelisikia. Kama hujalisikia, ni kwa sababu gari lako ni la juzi. Yeye magari ya juzi hayataki. Ukimpelekea gari lenye kompyuta ndani atalizunguka mara moja, atatema mate pembeni, kisha atakuelekeza kwa Masudi wa gereji ya jirani, "yule anayetibu kwa simu." Lakini mpelekee Landrova ya zamani, au Pijo lililokuwa likibeba wakuu wa wilaya enzi za baba zetu, uone uso wa mzee unavyofunguka. Wateja humwita Fundi Batolo.

Fundi Batolo alikuwa na kiburi kimoja. Kimoja tu, ila kilikuwa kikubwa jamani. Hakuwahi kutumia toki renchi, ile spana yenye kipimo inayokuonyesha bolti imekaza kiasi gani. Masudi aliinunua yake, akaja kumwonyesha kwa heshima zote, "Mzee, ukiihitaji siku yoyote ipo." Batolo akaipindua mikononi, akacheka mpaka akakohoa. "Hii ni ya watu wasiojua kazi," akasema, kisha akainua mkono wake wa kulia, mpana, wenye sugu kila kidole. "Mimi kipimo changu ndio hiki." Masudi alirudi gerejini kwake amenuna, na wiki nzima hakumsalimia.

Lakini maneno yale hayakuwa ya bure. Kazi ya kukaza hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, yeye aliifanya amefumba macho. Anavuta spana polepole, mkono wa kushoto umelala juu ya chuma, uso umetulia kama mtu anayesali, na bolti ikifika mahali pake kiganja kinamwambia basi. Alifundishwa hivyo na marehemu Obedi, fundi mkuu wa karakana aliyoanzia kazi akiwa kijana. Obedi alibana bolti kwenye jiliwa, akaiwekea spana, akaichomeka bomba la mita moja, na mwisho wa bomba akatundika ndoo ya maji yenye uzito wa kilo tisa. "Ishushe uiinue, ishushe uiinue," alimwambia. "Landrova inataka uzito huo, wala si zaidi. Uingize mkononi ukae humo." Batolo aliishika ile ndoo asubuhi na jioni, mwezi mzima, mpaka uzito ukaingia mifupani ukakaa.

Sasa mkono ule ulikuwa unakufa, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye mwenyewe.

Sukari alikuwa nayo siku nyingi. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, akasema ni viatu. Ikapanda mkononi, akasema ni baridi ya mwezi wa saba, maana Dodoma mwezi wa saba baridi yake si ya mchezo. Siku moja alishika sufuria jikoni kwa mkono mtupu, akasimama nayo anaongea, mpaka Tereza mkewe alipopiga kelele kwamba ananusa nyama inaungua. Ilikuwa ngozi ya kiganja chake. Juma lililofuata akiwa gerejini alikata bolti ya pampu ya maji kwenye gari la mteja, bolti ndogo tu, akamwambia mteja imeliwa na kutu. Mteja akaamini. Batolo usiku ule hakulala, maana bolti ile aliiona vizuri na haikuwa na kutu hata chembe.

Alinyamaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Fundi asiyesikia bolti atampa nani sababu ya kumletea gari? Kutangaza ni kumwaga unga kwa mkono wako mwenyewe. Akawa anachukua kazi za kusafisha plagi na kubadili oili, nyingine anasingizia mgongo, na akapata nafuu ya uongo.

Ndipo ikaja habari ya Landrova ya Paulina.

Paulina ni mdogo wake Tereza, mjane, analima zabibu Hombolo. Marehemu mumewe alimwachia shamba, nyumba, na Landrova ya kijani kuukuu kuliko wao wote, pamoja na agizo moja: injini hii asiiguse mtu ila Batolo. Kati ya shamba lile na barabara kuna korongo la mchanga, mchanga ule mlaini unaomeza pikipiki mpaka kwenye ekseli. Kwa hiyo zabibu za Paulina, na za majirani zake wote wa upande ule, hutoka kwa Landrova au hazitoki kabisa.

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa mlangoni, Landrova ikachemka. Miaka yote Paulina alikuwa akiijaza rejeta maji ya kisima, yale yale anayopikia na kunywa, na maji ya kule yana chumvi ya kuacha ukoko mweupe hata kwenye birika. Rejeta ikaziba kidogo kidogo, mpaka siku moja gari likapanda mlima likitoa moshi mweupe, likazimika. Batolo alipofungua kifuniko cha oili alikuta ndani kitu kama chai ya maziwa. Hakuhitaji kuuliza zaidi.

"Gasketi ya hedi imeungua, shemeji," alimwambia. Gasketi hiyo ni karatasi ya bati inayolala kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi, inatenga moto, maji na oili kila kimoja kwake. Ikiungua, vitatu vinakutana na injini imekwisha.

Gasketi ya injini ya umri ule huipati dukani ukaenda zako. Alipiga simu mji mzima, mwisho moja ikaja na basi kutoka Arusha, na muuzaji akamwambia hana nyingine wala hajui atakayekuwa nayo. Kufungua hedi alifungua mwenyewe bila shida, kwa kuwa kufungua ni nguvu tu. Hedi ikapelekwa mjini ikasawazishwa, rejeta ikazibuliwa. Kisha Paulina akapiga simu: "Shemeji, shikamoo. Nikate zabibu lini?" Na Batolo akajibu kama alivyokuwa akijibu maisha yake yote, bila hata kupumua: "Kata Alhamisi alfajiri. Mchana unapakia."

Alipokata simu ndipo alipoutazama mkono wake. Loh! Mdomo ule ungekuwa wa mtu mwingine angeuzaba kofi.

Alhamisi ikafika. Tereza alifuatana na Batolo hadi Hombolo kumsaidia mdogo wake kukata, na jua lilipopanda kreti zote zilikuwa zimepangwa chini ya mwarobaini, za Paulina na za majirani, zimefunikwa magunia yaliyolowanishwa. Mnunuzi naye alikuwa amefika, Hashimu wa Kondoa, mchuuzi wa zabibu za kula, mtu mnene mcheshi asiyeweza kukaa kimya. Kenta yake, lori dogo, aliiacha ng'ambo ya korongo, yeye akavuka kwa miguu na mizani yake begani, ile ya kutundika, yenye uso wa duara na mshale. Akaifunga kwenye tawi, akaanza kupima.

"Mbukwa, fundi!" alimsalimu Batolo kwa kelele, kwa Kigogo chake cha kuokoteza. "Leo tunaondoka au tunalala hapa tukigeuka zabibu kavu?"

"Wewe ukikauka tutapata mbili tatu tu, mafuta yote hayo," alijibu Batolo, na watu wakacheka.

"Utani kando, mzee wangu. Dereva wangu jioni anaondoka kwenda Singida, ziwepo zisiwepo. Soko la kesho halinisubiri mimi."

Batolo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameipanga hofu yake tangu Nzuguni, njia nzima, na aliijua yote. Bolti moja tu ikikatikia ndani ya bloku, Landrova inageuka banda la kuku. Zabibu zile zitaozea pale pale kwenye kreti. Na kesho yake kila gereji ya Dodoma itajua kwamba Fundi Batolo amekwisha. Hakuwa na pa kutokea.

Upepo nao ulikuwa umeamka. Unaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, unaokuja na shamba zima la mtu ndani yake. Tereza na Paulina wakasimama mmoja kushoto mmoja kulia wameishika shuka kuikinga injini iliyo wazi, na Batolo akaupangusa uso wa bloku kwa kitambaa chenye petroli. Akaupangusa tena. Kisha akafanya alichokuwa akifanya siku zote kabla ya kulaza gasketi: akapitisha ncha za vidole juu ya chuma, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, maana chembe moja tu ya mchanga ikibaki chini ya gasketi, gasketi haibani.

"Safi," akasema, akanyoosha mkono achukue gasketi.

"Baba Denis," alisema Tereza kwa sauti ya chini. "Na hii ni nini?"

Akaachia pembe ya shuka, akainama, akaweka ukucha karibu na tundu la maji. Ilikuwa punje ya mchanga, nene, imenasa kwenye mafuta. Jua lilikuwa linaimulika waziwazi. Vidole vya Batolo vilikuwa vimepita juu yake mara mbili.

Hakumtazama mkewe. Alikunja shati, akageuza mkono, akapitisha upande wa ndani wa kigasha, pale ambapo ngozi bado ilikuwa hai, akakuta punje nyingine mbili. Akazitoa. Paulina alidhani ni ufundi mpya. Tereza aliirudia ile pembe ya shuka na kuishika kwa nguvu kuliko mwanzo.

Gasketi ikalala. Batolo na Hashimu wakaibeba hedi, mzigo wa wanaume wawili, wakaishusha sawasawa kwenye pini zake, Hashimu akihema na kumtaja Mungu. Bolti zikaingia kwa vidole moja baada ya nyingine. Mzunguko wa kwanza, spana fupi, wa kushikiza tu, ulikwenda vizuri. Batolo akaanza kujipa moyo. Labda, alijiambia, labda kwenye bolti kubwa mkono utakumbuka.

Akapanda juu ya bampa, akachomeka bomba kwenye mkono wa spana, akaweka soketi kwenye bolti ya katikati, kwa kuwa hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili isipinde. Akalaza mkono wa kushoto juu ya chuma. Akafumba macho. Watu wote wakasogea kutazama, hata Hashimu, kwa sababu walikuwa wamesikia habari za kufumba macho kule.

Akavuta. Akangoja ule uzito wa ndoo ya Obedi uje.

Haukuja. Bega lake lilijua kwamba linavuta, kiwiko kilijua, lakini kiganja kilikuwa kimya kabisa, kana kwamba ameshika bomba kwa mkono wa mtu mwingine. Akavuta kidogo zaidi. Akavuta tena. Bolti ikatoa sauti ndogo, kwii, nyembamba. Akaachia bomba kama limemchoma.

"Imefika?" aliuliza Paulina.

"Bado," alisema. Hakujua kama bado. Huenda ilikuwa imefika na kupita. Ile sauti huenda ilikuwa uzi wa bolti unaanza kuchanika, au vumbi tu, au hakuna kitu. Zamani angejua kabla haijalia.

"Fundi, umefumba macho au umesinzia?" Hashimu akatania, na safari hii hakuna aliyecheka.

Paulina akaenda kuinua gunia moja, akarudi. "Shemeji, za chini zimeanza kutoa maji," alisema. Hakusema kwa lawama. Kilichomuumiza Batolo ni hicho, kwamba mama yule alikuwa amekata shamba zima kwa neno lake na hata sasa hakuwa na wasiwasi naye.

Akashika bomba tena. Nitavuta tu, aliwaza. Nitavuta kwa kukisia, Mungu atanisitiri, zikikaa zimekaa. Mafundi wangapi wanakisia kila siku na magari yanatembea? Akafumba macho. Nyuma ya macho akaiona ile bolti ya pampu iliyokatika gerejini, ilivyong'aa pale ilipokatika, bila kutu. Akabaki ameshika bomba bila kulivuta.

"Baba Denis," alisema Tereza.

"Niache."

"Baba Denis, shuka chini."

Alifumbua macho. Mkewe alikuwa ameshaiachia shuka, amesimama karibu na tairi akimtazama, na usoni mwake hapakuwa na swali. Batolo akaelewa kwamba anajua. Akapanda hasira ghafla, hasira ya mtu aliyekutwa uchi, akataka kumfokea mbele ya wote kwamba hii ni injini, si chungu cha jikoni. Neno likafika kwenye ulimi. Akalimeza.

Akashuka. Akakaa kwenye bampa la Landrova, mzee mzima, akaweka mikono juu ya magoti.

"Shemeji," alimwambia Paulina, "mkono wangu umekufa. Siisikii bolti. Sijaisikia tangu tumeanza. Nimekudanganya kwenye simu na nilikuwa nataka kukudanganya tena sasa hivi."

Upepo ulipita ukabamiza magunia. Paulina alitazama kreti, akatazama injini, akatazama mikono ile kwenye magoti. "Sasa tunafanyaje?" aliuliza, na ilikuwa "tunafanyaje", si "unafanyaje". Batolo alitaka kulia.

"Masudi ana toki renchi," alisema. "Kuifuata mpaka Nzuguni na kurudi, Kenta itakuwa imeondoka. Alitaka kunipa, nikamcheka."

Hashimu alikuwa anahangaika na mizani yake, anaizungusha zungusha pale kwenye tawi. Akaivuta ndoano kwa kidole. Mshale ukapanda, ukashuka. Akaivuta tena. Batolo aliutazama ule mshale, kwanza bila kuuona, kisha akauona.

"Hashimu."

"Naam, mzee."

"Hebu vuta tena hiyo."

Hashimu akavuta. "Kilo nne," akasoma kwa mazoea.

"Ukiivuta ikiwa imelala, kwa ubavu, inasoma?"

"Inasoma, kwa nini isisome? Vijana wangu huichezea hivyo kushindana nguvu. Nawafokea kila siku."

Batolo akasimama. Ile ndoo ya Obedi, ndoo ya kilo tisa mwisho wa bomba la mita moja, ilikuwa imetundikwa palepale mbele yake na hakuwa ameiona. Mwalimu hakumpa mkono, alimpa uzito. Uzito haukuwa umekufa.

"Ilete," alisema. "Ilete upesi, na kamba."

Wakapima bomba kwa utepe wa Paulina wa kushonea, kutoka kati ya soketi hadi mita moja kamili, wakachora alama kwa msumari, wakafunga ndoano ya mizani hapo. Batolo akashika soketi isimame wima juu ya bolti, kazi ambayo macho yake yaliweza. Hashimu akainama kusoma mshale. Na kwenye pete ya mizani, wa kuvuta, akasimama Tereza.

"Mimi?" alisema.

"Wewe. Vuta polepole, usishtue. Kama unavyovuta ndoo kisimani."

Bolti ya katikati ndiyo ya kwanza. Tereza akavuta. Hashimu akaanza kusoma, na sauti yake ya sokoni ikawa nyembamba: "Tatu... nne... tano... sita... saba..."

Bomba likasogea. Hashimu akakaa kimya.

"Soma!"

"Saba. Saba, mzee. Saba bado."

Bomba likaendelea kusogea na mshale umesimama. "Acha!" alipiga kelele Batolo. "Mama Denis, acha!"

Alifungua bolti ile, akaichomoa, akaiinua juani. Karibu na uzi, shingo yake ilikuwa imevutika na kuwa nyembamba, kama donge la unga unapolivuta ncha mbili. Hiyo ilikuwa kazi ya kile kiganja kimya, dakika chache tu zilizopita. Akaipitisha kwa Hashimu, Hashimu akampa Paulina. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Angevuta mara moja zaidi kwa kukisia, nusu ya bolti ingebaki ndani ya bloku milele.

"Marehemu mume wangu alikuwa na kopo," alisema Paulina, tayari anakimbia. "Hakuwa mtu wa kutupa kitu."

Akarudi na kopo la biskuti limejaa misumari, nati, vipande vya minyororo na bolti za kila umri. Wakamimina chini kwenye kanga. Walipiga magoti wote wanne, wakachambua kama wanaochambua mchele, wakilinganisha urefu, wakilinganisha uzi, hii fupi, hii nene, hii imepinda. Aliyeipata ni Tereza, chini kabisa, imezungushiwa kitambaa chenye grisi. Batolo aliitazama mara nyingi kabla ya kukubali. Aliyeihifadhi hivyo alikuwa anajua ni ya nini.

Ikaingia. Tereza akavuta. "Tano... sita... saba..." Hashimu alikuwa anaogopa kupumua. "Nane... nane na nusu... tisa!"

"Basi!"

Bomba lilikuwa limetulia. Bolti ilikuwa imekaa.

Walikwenda hivyo, kutoka katikati kwenda pembeni, kulia na kushoto, Batolo akionyesha inayofuata, Tereza akivuta, Hashimu akiimba namba, Paulina peke yake sasa akihangaika na shuka na upepo. Kila mshale ulipokaribia tisa mioyo yote minne ilipanda, na kila ulipofika ikashuka. Walipomaliza walizirudia zote tangu mwanzo. Jua lilikuwa limeinama. Batolo akarudisha fito za vali na kila kilichobaki, Tereza akimwangalia vidole na kumwambia palipolegea, naye hakubisha hata mara moja. Oili mpya ikatiwa, na rejeta ikajazwa maji ya dukani ya kunywa, chupa kwa chupa, na Hashimu akalalamika kwamba gari linakunywa vizuri kuliko yeye.

Paulina akakaa kwenye usukani. Batolo akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, kofia mkononi.

"Washa."

Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazimika. "Washa," alisema tena. Ikashika. Ikatikisika mwili mzima, ikatoa moshi wa bluu wa mafuta yaliyopakwa wakati wa kufunga, kisha moshi ukakonda, ukaisha, na injini ikaanza kuguruma ile sauti yake ya zamani ya polepole. Batolo aliinamia rejeta kutafuta mapovu. Hayakuwepo. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akamwonyesha kila mmoja kwa zamu. Oili ilikuwa safi, si chai.

Paulina akashuka, akamkumbatia dada yake, akaanza kulia kwa sauti. Hashimu naye akajifanya amepata vumbi machoni. Wakapakia mbio mbio, majirani wakiitwa kwa mluzi, na Landrova ikavuka korongo ikinguruma na zabibu za watu wote mgongoni, Kenta ikiwa bado imesimama ng'ambo, dereva wake amelala juu ya usukani.

Kwenye kupakua, Hashimu alikuja na mizani begani, akajikuna kichwa. "Mzee wangu, ningekuachia, ila bila hii mimi si mchuuzi."

"Chukua," alisema Batolo. "Ila niambie zinauzwa duka gani."

Walirudi Nzuguni na Kenta ileile, Batolo na Tereza wamebanana kando ya dereva, Hashimu yuko nyuma na kreti zake. Barabara ilikuwa na mwanga wa mwisho wa jua, na vumbi lake lilikuwa limetulia. Walipolipita bwawa la Hombolo, Batolo akamgeukia mkewe.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Batolo.

"Tangu ulipoanza kuniuliza kama chai ni ya moto."

Alifikiri. Ilikuwa zamani sana hiyo, kabla ya sufuria, kabla ya bolti ya pampu. Akaona ndivyo, kweli: siku nyingi maji yake ya kuoga yalikuwa yamepoa sawasawa kila jioni, na yeye alidhani ni bahati. Aibu ikamjaa, halafu ikaja nyingine kubwa kuliko aibu, ambayo hakuwa na jina lake.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nilichoka, Baba Denis. Nilichoka kusubiri. Kesho tunakwenda kliniki wote wawili."

"Tutakwenda."

Kenta iliingia shimoni ikatoka. Batolo akainamisha macho, akauona mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, umelala pale juu ya goti lake. Hakujua umekuwa pale tangu saa ngapi. Asingetazama asingejua kabisa.

"Bana," alisema.

Tereza akabana.

"Zaidi."

"Nitakuumiza."

"Zaidi, Mama Denis. Vuta polepole, usishtue."

Akabana kwa nguvu zake zote, mikono yote miwili, mpaka vifundo vyake vikawa vyeupe, na dereva akawatupia jicho la pembeni. Batolo alifumba macho. Akangoja. Na ndani kabisa, chini ya ngozi, mahali ulipokuwa umekaa uzito wa ile ndoo miaka yote, akasikia kitu.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Usiachie."